Majibu ya Vinyama vya Puani

Kwa miaka sita pua yangu ilikuwa imeziba. Nililala mdomo wazi, kichwa kikinigonga juu ya macho, na chakula nilikila kwa kukumbuka tu ladha yake. Baada ya upasuaji daktari alinionyesha vinyama alivyovitoa puani, vyeupe, vinateleza kama shokishoki iliyomenywa. Akasema vinapelekwa maabara.

Wiki ya pili harufu zikaanza kurudi. Tulikuwa uani kwetu Mtoni, namwosha mume wangu kidonda cha mguu. Ana kisukari. Kidonda kile nilikuwa nakiosha mwenyewe kila asubuhi, mwezi wa pili sasa, na kila nikimuuliza ananiambia kinaendelea vizuri. Asubuhi hiyo nilipofungua bandeji nikarudi nyuma.

"Baba, mguu unanuka."

Akatazama pembeni. "Unanuka siku nyingi. Nilijua wewe husikii harufu. Niliogopa watanikata."

Walimkata chini ya goti siku ya tatu.

Majibu yangu niliyafuata yeye akiwa bado wodini. Daktari, kijana wa umri wa mwanangu, aliniamkia, akanikalisha.

"Mama, si saratani."

"Alhamdulillahi."

"Ila vile vinyama tulipovipima, vimejaa seli za mzio. Wenye majibu kama haya, mara nyingi vinaota tena."

"Hata mkivitoa vyote?"

"Hata tukivitoa vyote. Ni lini, siwezi kukutajia. Dawa ya kupuliza usiiache hata siku moja."

Nikapanda ngazi hadi wodini, nikainamia kigutu cha mume wangu, nikanusa. Spiriti na damu. Sikumwambia nilichoambiwa. Nilihofu akijua ataanza kunificha tena.

Dawa nilipuliza, asubuhi na jioni. Haujatimia mwaka, jirani akaingia mbio kuniambia maharage yanaungua. Mie nilikuwa nimekaa kando ya jiko. Mume wangu alikuwa mlangoni, akaniangalia, akaelewa.

Sasa binti yetu anakuja kila Ijumaa kutoka Mabibo. Anamvua baba yake soksi ya mguu uliobaki, anaunusa kati ya vidole.

"Salama, mama," anasema.

Mume wangu anakuwa amegeuzia uso ukutani. Ijumaa nyingine binti anachelewa kidogo kuinua kichwa, na mie nasimama pale na kitambaa mkononi, nasubiri aseme.