Hodi Kwenye Maboma Matupu

Nikueleze kwanza zile njia, ndipo utatuelewa. Kutoka Kamenu, pale Thika, hadi Ruiru, kila mtu alifuata barabara kuu. Ilikuwa na malori, na wenzako wa kupiga nao gumzo, na askari wa kukagua vikapu. Ile nyingine ilikuwa kijia kilichopita kwenye maboma yaliyohamwa miaka ya Hali ya Hatari, serikali ya kikoloni ilipowakusanya watu vijijini wasiwalishe wapiganaji wa msituni. Kukipita kulikatazwa.

Nilikuwa nimeolewa karibuni. Siku mimi na mama mkwe tulipompelekea dada yake viazi vitamu Ruiru, mama mkwe alikata kona kuelekea kijiani.

"Mama, barabara ni ile."

"Naijua. Niliiona kabla hujazaliwa. Twende."

Nilijua anachotafuta. Mumewe aliingia msituni kabla sijaja kwao, na hakuna aliyejua kama yu hai.

Kwetu hupiti mlangoni pa mtu bila kumsalimu. Basi kwenye kila boma tupu mama mkwe alisimama, akaita, "Hodi hapa." Alingoja, kama anayempa mwenyeji nafasi ya kuvaa shati, kisha akasema, "Haya, tutapita tena." Kuta zilikuwa zimeungua. Maboga yalikuwa yametambaa mpaka jikoni. Nilitembea nimemkaribia sana.

Boma la mwisho lilikuwa lake mwenyewe.

"Hodi hapa."

Migombani mtu akakohoa. Kikohozi kifupi, kile ambacho wanaume wa rika lake walikitoa kabla ya kuingia nyumbani kwa wake zao.

Mama mkwe hakutazama huko. Aliweka viazi juu ya jiwe la kusagia, vyote.

"Huyo ni baba mkwe wako," alisema kwa sauti ndogo. "Msalimu, usije ukasema sikukujulisha."

Nikaisalimu migomba.

Kurudi, alichagua barabara kuu. "Kijia kikipata nyayo," aliniambia, "askari watazifuata." Tangu siku hiyo tulipita barabarani tu, vikapu vikapekuliwa, na kila tulipofika pale kijia kinapochepuka alitazama mbele.

Hali ya Hatari ilipoondolewa, tulikwenda tena. Migomba ilikuwa imekauka. Mama mkwe aliita hodi, akangoja hadi kivuli chake kikahamia upande wa pili.

"Haya," akasema, wala hakumalizia.