Kengele Iliyozimwa kwa Ajili ya Mgeni Rasmi

Siku yangu ya kwanza kazini niliambiwa nisiguse kitu. Mkuu wa Kitengo cha Takwimu pale Bukoba, mama mrefu asiyecheka ovyo, alinikalisha mbele ya kompyuta iliyofunikwa kitambaa cha kufuma, kama redio ya sebuleni. "Utaangalia tu kwanza," alisema. "Wenye haraka ya kubonyeza tumeshawapata wa kutosha."

Nilimchukia wiki ile. Leo namkumbuka kuliko mabosi wangu wote, kwa sababu hakuwahi kuniagiza nifanye jambo ambalo yeye mwenyewe hakulielewa. Kwake nilijifunza takwimu, na baadaye programu. Nikahamishiwa Muleba kuwa Afisa Mifumo wa Wilaya, nikakaa huko miaka mingi, nikijifundisha lugha ya kompyuta ya Python kwa vitabu vya kuchapisha mwenyewe, maana mtandao ulikuwa wa kubahatisha. Ninyi mnaojifunza kwenye simu mkiwa mmelala kitandani mshukuruni Mungu, na mpunguze kulalamika.

Kituo changu cha mwisho kilikuwa Rwamishenye, pale pale Bukoba mjini, katika mradi wa kufuatilia majokofu ya chanjo kwenye zahanati. Cheo changu kilikuwa Msanifu wa Mifumo. Cheo kizuri, sauti hakina.

Nieleze kidogo, maana si wote mnaosoma hapa ni watu wa kompyuta. Kila zahanati ilikuwa na kipimajoto cha aina yake, kutegemea ni mfadhili yupi alipita. Kuandika programu moja inayovijua vyote ni wazimu. Tukaandika programu mama, halafu vipande vidogo vya kuchomeka juu yake, kila aina ya kipimajoto na kipande chake. Hivyo vipande ndivyo tunaviita plagini. Plagini moja tuliiita Kengele. Jokofu likipata joto au likizidisha baridi, Kengele ndiyo iliyompigia simu muuguzi.

Plagini ina maisha yake. Inapakiwa, inaandaliwa, inawashwa, inasimamishwa, inaondolewa. Kila hatua tunaiita tukio, na kila tukio lina fanksheni yake, yaani maagizo ya kulitekeleza, ndani ya plagini. Tukio la kuwashwa linapendwa na kila mtu, maana hapo bosi anaona taa ya kijani na kupiga makofi. La kusimamishwa hakuna anayelipenda, na ndilo gumu. Hapo plagini inamalizia ujumbe uliokwisha kuingia, inafunga njia ya simu, kisha inamjulisha msimamizi wa plagini, ile sehemu ya programu mama inayozitunza zote, kwamba haipo tena kazini. Ukiikatisha katikati, msimamizi anaendelea kuamini ipo. Anaikabidhi kazi na kuandika "imetumwa," kumbe amemkabidhi maiti. Na ukijaribu kuiwasha upya anakujibu tayari inafanya kazi. Nililirudia hili kwenye kila kikao mpaka wakanibatiza jina Ta Utaratibu, yaani Mzee Utaratibu. Nilicheka nao, lakini iliniuma.

Meneja wa Mradi alikuja kwetu na suti mpya na maneno mengi. Agizo lake la kwanza lilikuwa kuondoa karatasi za joto kwenye milango ya majokofu, zile ambazo wauguzi walizijaza asubuhi na jioni. Siku hiyo hiyo nikapigiwa simu na Ma Kokushubira, muuguzi mfawidhi wa zahanati moja upande wa Buganguzi. Huyu mama alichanja watoto, akaja kuwachanja watoto wa watoto wale.

"Ta Kalokola, waitu, hizi karatasi mnazotaka tuzitoe, simu isipolia mimi nitajuaje?"

Nilimpelekea Meneja swali lile kama lilivyo. Akanigonga begani. "Mzee, hizi ni zama za kidijitali. Mwambie aamini mfumo." Ma Koku akatii. Karatasi zikatoka.

Ikaja siku ya uzinduzi. Turubai, kwaya, skrini kubwa, na mgeni rasmi yuko njiani. Umeme ulikuwa umekatika kule kwenye visiwa vya ziwani, majokofu yanapata joto, na Kengele inafanya kazi yake. Skrini ikawa nyekundu, na simu ya Meneja, iliyopokea nakala za taarifa zote, haikunyamaza.

"Izime hiyo," akaniambia, nami nikabonyeza kuisimamisha, ila skrini ikabaki nyekundu.

"Nimeshaiagiza isimame. Inamalizia ujumbe wa visiwani, mtandao wa kule ni mzito."

"Kwani ni lazima imalize?"

"Ni lazima. Ukiikata hivi itaharibika na hutajua kama imeharibika."

"Gari la mgeni rasmi limeshakata kona! Unataka atukute tunalialia?"

Nilikataa kuikata. Akamgeukia Mratibu wa Teknolojia, kijana aliyekuja naye, na yule akakata uzi wa Kengele. Uzi ni ile kazi ndogo inayokimbia peke yake ndani ya programu, na kwa Kengele ndio uliokuwa unapiga simu. Skrini ikawa kijani. Mgeni akakata utepe, kwaya ikaimba, watu wakala pilau.

Baada ya wageni kuondoka, Mratibu akabonyeza kuwasha. Msimamizi wa plagini akajibu kama nilivyosema atajibu: tayari inafanya kazi. Nikamwambia programu nzima izimwe na iwashwe upya kwa utaratibu. Akaniahidi ataizima jioni. Asubuhi yake mimi nikatumwa Kagoma kufunga vipimajoto vipya, na jioni ile aliitumia kupanga picha za uzinduzi.

Ndani ya siku hizo jokofu la Ma Koku likaharibika kirekebisha baridi, likagandisha chanjo usiku kucha, halafu likarudi sawa. Hapa ndipo watu wasioelewa wanapomhukumu. Chanjo iliyopata joto ina alama kwenye chupa inayobadilika rangi, na Ma Koku aliikagua kila chupa. Lakini zipo chanjo ambazo kuganda kunaziua, na zikiyeyuka macho yanaziona nzima. Karatasi zilishaondolewa. Simu haikulia. Akawachoma watoto kwa moyo safi.

Wakaguzi walipokuja kusoma kipimajoto chenyewe, mambo yakalipuka. Watoto wote wakaitwa kuchomwa upya. Hebu fikirieni akina mama wametoka migombani wakiambiwa sindano ile ilikuwa maji. Kikao cha uchunguzi kikakaa, kikafungua mfumo wetu, kikakuta neno "imetumwa." Kikaamua kwamba muuguzi alipewa taarifa akaipuuza.

Nilikwenda kwa Meneja na kipimajoto kimoja na kompyuta yangu. Programu ilikuwa haijawashwa upya tangu uzinduzi, na niliporudi kutoka Kagoma nikakuta mambo yameshalipuka, niliiacha makusudi, ili waione ilivyo. Nikachomeka waya, nikatumbukiza kipimajoto ndani ya kikombe chake cha chai ya moto. Kwenye skrini pakaandikwa imetumwa. Simu yake ilikuwa mezani mbele yetu. Tukaitazama wote wawili. Ikakaa kimya.

"Nimeona," akasema.

"Basi kiandikie kikao, mama wa watu arudishiwe jina lake."

"Toa hicho kitu kwenye chai yangu, Mzee Kalokola." Akangoja nikitoe. "Mfadhili anakuja mwezi ujao. Tukisema mfumo ulikufa siku ya uzinduzi, mradi umekwisha na sote tunarudi nyumbani. Yeye hafukuzwi, anahamishwa tu."

Anahamishwa tu. Nikakiandikia kikao mwenyewe, nikaambiwa taarifa za mradi hupitia kwa Meneja. Ma Koku akaondolewa kwenye chanjo, akapelekwa kisiwani kukaa dirishani kuandikia wagonjwa kadi. Meneja akapandishwa cheo. Mimi muda wangu wa kustaafu ukafika, nikafanyiwa sherehe, na yeye ndiye aliyesoma hotuba ya kunisifu. Nilikaa nikamsikiliza huku nikiona kinyaa.

Vijana huja kwangu kuniuliza lugha gani inalipa. Sina hamu na swali hilo. Python ni lugha nzuri, plagini ni ufundi mzuri, na nilifanya kazi yangu vizuri mpaka siku ya mwisho. Haikumsaidia kitu mtu aliyeihitaji. Hasira hiyo nimestaafu nayo, na sitaki mtu aniambie niisamehe.

Jumapili moja nilipanda gari nikaenda Buganguzi kusali. Kwetu Walutheri ibada ikiisha watu hukusanyika nje kwa mnada wa sadaka za mazao. Nikamwomba mzee wa kanisa aliyekuwa akinadi anipe dakika chache. Nikasimama karibu na mikungu ya ndizi nikawaeleza yote, bila neno plagini. Nikasema simu ya Ma Koku haikulia, kwamba tuliizima sisi wa Bukoba ili mgeni asisikie kelele, na kwamba yule mama hakupuuza chochote.

Hawakunizomea. Hawakunishukuru pia. Mzee wa kanisa akashika kuku aliyefuata, lakini hakuna aliyetaja bei.

Mama mmoja kijana akanifuata mpaka barabarani, mtoto mgongoni. Akaniuliza kama nina hakika. Nikamwambia ninayo.

"Mimi ndiye niliyemwambia mbele za watu asinishikie tena mtoto," akasema. "Na mimi mwenyewe alinizalisha yeye."

Nikamwambia Ma Koku yupo kisiwani, boti zipo kila siku, aende.

"Nitaenda na uso gani, Ta?"

Tukasimama hapo, yeye akimtikisa mtoto asiamke, mpaka gari langu likaja.