Sinia la Bi Mwanakombo Bado Liko Ukutani

Jua halijapanda vizuri juu ya Barabara ya Kilwa, na hapa Mtoni Bi Mwanakombo anageuza vitumbua kwa spoku ya baiskeli. Anageuza bila kuangalia. Macho yake yako barabarani.

Pikipiki inasimama. Dereva hazimi injini.

"Shikamoo mama. Braza kashapita?"

"Marahaba. Kashapita, mwanangu. Shuka ule cha moto."

Huyo ni Suleiman, bodaboda, mwanawe wa pili. Anazima injini, anashuka, anakaa kwenye benchi. Kitumbua cha kwanza hakijaisha, kaka yake Fakihi, fundi seremala, anatokea kwenye kona na hotpoti mkononi.

Mama kadanganya, na wote watatu wanajua.

"Asalaam aleikum," anasema Fakihi.

"Waaleikum salaam." Suleiman anapiga kiki, anaondoka. Kitumbua kimebaki kwenye benchi, kimeng'atwa upande mmoja.

Mteja anacheka. "Bi Mwanakombo, leo ulitega, panya kakimbia!"

"Panya wangu mjanja," anajibu, ila yeye hacheki.

Bi Mwanakombo alikuja mjini kutoka Lindi akiwa na mumewe, ambaye sasa ni marehemu. Wanawe hawajala pamoja tangu hitma ya baba yao, mwaka juzi. Fakihi alialika watu, dufu likapigwa. Suleiman akasimama mbele ya wageni, akasema hitma ni uzushi, haimo kwenye dini. Fakihi akamwambia atoke.

Halafu ukaja uchaguzi. Fakihi yumo kwenye chama alichokufa nacho baba yao, na hataki kiguswe. Suleiman anataka kila kitu kibadilike, kuanzia mwenyekiti wa mtaa.

"Watu wananiambia mmoja wa kizamani, mmoja wa kisasa. Mie sioni hivyo," anasema mama huyo. "Huyu wa mabadiliko, kwenye dini hataki kiongezwe hata kitu kidogo. Yule anayelinda chama, kwenye dini dufu linalia, kinamama wanaimba, wala hana neno. Sasa wa kizamani hapo nani?"

Yeye mwenyewe yuko upande gani? Anamimina kwanza uji wa mchele kwenye vishimo vya chuma, mpaka cha mwisho.

"Hawajawahi kuniuliza. Kila mmoja anadhani niko kwa mwenzake."

Chumbani kwake sinia kubwa la bati limetundikwa ukutani. Yeye anakula kwenye kibakuli, redio ikiwa wazi ili asikie watu wakiongea.

"Wali wa mtu mmoja haupikiki," anasema. "Ama unaungua, ama unalala."

Mwezi ujao itafika tena siku aliyofariki mumewe. Bi Mwanakombo ameshaamua atakachopika: wali wa nazi na samaki wa kupaka. Sheikh hataitwa.

"Nikisema kuna hitma, Suleiman haji. Nikisema hakuna, Fakihi haji. Kwa hiyo sisemi kitu. Nitamwambia kila mmoja njoo ule, mwenzio kashakula, kashaondoka."

Lakini si ndicho alichofanya leo, na mmoja kakimbia?

Anakiokota kile kitumbua kilichong'atwa, anakifunga kwenye karatasi, anakiweka kando.

"Leo tulikuwa barabarani," anasema. "Siku hiyo mlangoni nakaa mie."