Jenereta ya Kupunguza Umeme

Nilisomea kompyuta, nikaajiriwa kwa ajili ya kompyuta, na kompyuta yenyewe niliikuta mezani ikinisubiri, imefunikwa kitambaa cheupe cha kufuma kama vile vya altare. Kilichokosekana ni umeme tu. Ofisi yetu ni ya kilimo, hapa Butembo, na waya wa umeme hupita juu ya paa letu ukienda kwa wenye maduka. Kwetu haujawahi kushuka. Basi nikawa naandika habari za viazi na vitunguu kwa kalamu, na kila asubuhi naipangusa kompyuta. Mume wangu akiulizwa nafanya kazi gani, hujibu kwamba nafuta vumbi la Serikali. Jambo hilo huniudhi, hasa kwa sababu ni kweli.

Ndipo likaja shirika moja la mazingira na shindano lake. Mgeni aliyeletwa kutueleza alikuwa bwana mpole, mwenye viatu vilivyokuwa bado havijakutana na tope letu. Alisema ofisi za Butembo na za Beni zitashindana kupunguza matumizi ya karatasi, ya maji, na zaidi ya yote ya umeme. Kisha shirika lingetoa paneli za jua, zifungwe juu ya paa la ofisi. Sikusikia tena maneno mengine. Nilizitaka paneli zile kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote cha ofisi, hata mshahara.

Tabu ilianza alipotaka kupima tunatumia kiasi gani. Alizunguka vyumba vyote akiwa na kifaa chake mkononi, akitafuta kitu cha kupima.

"Balbu ziko wapi?" akauliza.

"Hapana balbu," akajibu chef wetu, mkuu wa ofisi. "Tuko na dirisha."

"Na photocopieuse, mashine ya kutoa nakala?"

"Tuko na huyu mama," akasema chef, akininyooshea kidole.

Maji yetu yalikuwa ya mvua, yakitoka kwenye bati hadi kwenye pipa. Karatasi tuliziandika pande zote mbili, kisha zikaenda kwa mama wa karanga kufungia karanga, na karanga hizo tulizila sisi wenyewe. Sisi wa Butembo tumelelewa hivyo. Mtu akitupa hata kipande cha kamba, mama yake hukiokota na kumtazama vibaya. Yule bwana aliketi, akafuta miwani yake.

"Lakini mutapunguza nini?" akasema kwa huzuni ya kweli. "Juu ya kupunguza, lazima kwanza batu bakuwe na consommation, batumie kitu."

Chef wetu aliletwa hapa kutoka mkoa mwingine, wa joto, na huvaa koti zito hata saa sita mchana. Si mtu wa kukubali kushindwa. Kesho yake alituita katika mkutano.

"Batu ba Beni bako na groupe, jenereta yao inaunguruma kutoka asubuhi mpaka mangaribi," akatueleza. "Bao bakizima balbu moja tu, bameshinda. Sisi tutakosa panneaux za jua juu ya nini? Juu ya kukosa. Donc, tutaanza kutumia. Mwezi huu tutatumia, mwezi wa kesho tutapunguza."

Nilitaka kucheka, nikajikuta napiga makofi. Tukachanga, tukakodi jenereta, tukaiweka nyuma ya ofisi. Mzee wetu mtumishi, ambaye alipewa kazi ya kuiwasha, aliitazama muda mrefu.

"Chef, tunaiwakisha juu ya nini?"

"Juu ya kuizima, muzee."

"Aa, sawa," akasema mzee, akavuta kamba.

Ule mwezi wa kutumia sitausahau. Balbu ziliwaka mchana, madirisha yakiwa wazi. Majirani walileta simu zao kuchaji, na tuliwashukuru kwa msaada wao. Chef alinyoosha mashati yake yote kwa pasi ya umeme, na alipoona bado matumizi ni madogo akaleta friji yake kutoka nyumbani. Friji, Butembo, mji ambao maji ya mtungi asubuhi huuma meno. Tuliweka ndani yake chupa za maji, kisha tukazitoa na kuziweka juani zipate joto ili tuweze kunywa.

Lakini mimi nilikuwa na kompyuta. Siku ya kwanza ilipowaka nilishika mdomo kwa mikono miwili ili nisilie mbele ya wanaume. Niliingiza viazi vya Kayna, kahawa ya Beni, mihogo ya Manguredjipa, nikavijumlisha vyote, na vikajumlika. Nikawa nafika ofisini kabla ukungu haujaondoka. Nyumbani mume wangu aliuliza kwa nini naimba. Kwa mara ya kwanza nilikuwa nafanya kazi niliyoisomea, na nilijisikia mtu.

Mgeni alirudi, akapima, akafurahi sana. "Sasa muko na kitu ya kupunguza," akatupongeza kwa mabaya yetu.

Mwezi wa pili ukaanza. Friji ilirudi nyumbani, pasi ikaifuata, balbu zikazimwa moja baada ya nyingine. Kisha chef akasimama mbele ya meza yangu, akikohoa na kuitazama kompyuta.

"Chef, hii hapana kupoteza courant ya umeme," nikamwambia. "Hii njo kazi yenyewe."

"Vumilia kidogo, mama. Panneaux ikikuya, utaiwakisha mpaka ichoke."

Niliizima mwenyewe, kwa kidole changu, na iliniuma. Siku ile ile jenereta ikarudishwa kwa mwenyewe.

Matokeo yalisomwa Beni. Tulikuwa wa kwanza, tukiwaacha wengine mbali, kwani hakuna ofisi nyingine iliyoshuka mpaka sifuri. Watu walisimama kutupigia makofi. Kisha yule bwana mpole akatangaza kwamba paneli zitakwenda kwa ofisi ya Beni.

"Ninyi mumeonyesha kama munaweza kuishi bila courant," akatueleza, na macho yake yalijaa heshima. "Bale ba Beni bameshindwa kabisa. Bao njo bako na lazima ya musaada."

Padri ametusomea mara nyingi habari za mwenye nacho kuongezewa, ila sikujua kama huongezewa na shirika la mazingira. Nilikula wali wa sherehe kwa hasira, sahani mbili.

Wiki iliyofuata shirika liliomba ripoti ya jinsi tulivyofaulu, ili ofisi nyingine zituige. Fupi, walisema, lakini iwe ya kompyuta. Chef akakodi jenereta tena.

Ripoti ile ningeimaliza kabla ya chai. Nilikaa, nikatazama kioo cha kompyuta kikiwaka, nikajua kwamba nikiweka nukta ya mwisho yamekwisha. Nikaanza kuandika kwa kidole kimoja. Niliandika historia ya ofisi, nikaandika hali ya hewa ya wilaya nzima ya Lubero, nikafungua sura juu ya faida za giza: kwa macho, kwa akili, kwa ndoa za watumishi. Mchana chef akachungulia mlangoni, koti limefungwa hadi shingoni.

"Mama, bado kuisha?"

"Bado, Chef," nikasema. "Niko tu kwa faida ya giza."

Nyuma ya ofisi nilimsikia mzee akiongeza essence kwenye jenereta, nami nikafuta sentensi niliyokuwa nimeimaliza, nikaianza upya.