Udi Uliofuata Sauti ya Mama

Baba yangu alikuwa fundi cherehani, na palipokuwa na harusi alikuwa mpiga udi. Cherehani ndiyo iliyotulisha. Udi haukumletea kitu zaidi ya sinia la pilau na shukrani za wenye shughuli, naye hakuwahi kudai zaidi ya hayo. Watu wa kijiji chetu cha Kiegeani wanamkumbuka kwa kanzu alizowashonea na kwa taarabu aliyowapigia. Mimi, binti yake, namkumbuka zaidi kwa jambo alilolifanya kabla hajaanza kupiga, pale alipokuwa akizipatanisha nyuzi.

Hakuwa na kifaa cha kumpa sauti ya kuanzia. Alikuwa na mama. Baba alikaa ndani, dirishani, udi mapajani, na mama alikuwa uani amekalia mbuzi anakuna nazi. Baba aliita, "Bibie, nipe." Mama hakugeuka wala hakuacha kukuna. Alifunga mdomo akatoa sauti moja ndefu, mmmm, na baba akaukaza uzi wa kwanza mpaka ukalingana na sauti ile. Nyuzi nyingine zote zilifuata huo wa kwanza. Tulikua tukidhani kila udi duniani hukazwa hivyo.

Kwa hiyo tulijua wakigombana, hata kama walikuwa wamefunga mlango na kunong'ona. Mama akinuna, hatoi sauti, na udi unabaki ukutani. Siku moja ya harusi waligombana kwa sababu ya mgeni ambaye baba alimkaribisha chakula bila kumwambia mtu. Alasiri ikaingia, wapigaji wenzake wakawa wanamngoja, naye bado amekaa dirishani. Mwishowe akanituma mimi kwa mama nikamwombee sauti. Mama alitoa sauti pale pale jikoni, kali, ya juu, na nikamwona baba anakaza huku anacheka peke yake. Waimbaji siku hiyo walipanda juu mpaka mishipa ya shingo ikawatoka.

Mpiga fidla wao, fundi wa vyombo vya baharini kutoka kisiwa cha Jibondo, hakuacha kumtania kwa hilo. Alisema yeye amezoea kupiga na watu wenye udi, sasa anapiga na mtu ambaye udi wake una mke. Baba aliupenda utani huo. Aliurudia nyumbani kila alipotoka harusini, na kila mara mama alijifanya ndio kwanza anausikia.

Utani ulipungua walipozeeka. Sauti ya mama ilishuka, na udi ukashuka nayo. Vijana wenye vinanda vya umeme walilalamika kwamba mzee anawavuta chini, wakamwomba akaze kwa kufuata kinanda chao. Walimwomba kwa adabu na hawakuwa na kosa. Baba aliwasikiliza mpaka mwisho, akawaambia, "Huyu nimekwenda naye toka mwanzo. Siwezi kupanda juu nikamwacha chini." Basi wakawa hawamwiti sana. Alishona zaidi, akapiga nyumbani, jioni, kwa ajili yetu na majirani wanaopita. Sikumwona akisikitika. Nilisikitika mimi kwa niaba yake, na vijana wale nikawa siwaitikii salamu vizuri, kwa sababu kwa kinyongo sijambo.

Alikuwa baba wa namna hiyo. Sare zetu za shule alizishona na pindo kubwa la kufungulia tutakaporefuka. Gauni langu la Idi lilikuwa na mfuko kwa sababu nilimwomba mfuko, ingawa mama alisema gauni la Idi halina haja ya mfuko. Alikufa akiwa na futi ya kupimia shingoni, kwenye kiti chake cha kushonea, Mwenyezi Mungu amrehemu. Tulimzika kabla ya alasiri.

Mama akaingia eda. Alivaa nyeupe, akakaa chumbani, na waliokuja kumpa pole aliwaitikia kwa sauti ndogo hata ikabidi wainame. Nyumba inayosomwa khitma haitundikwi udi, kwa hiyo niliushusha nikauficha chumbani kwangu. Kadiri siku zilivyokwenda mama alizidi kunyamaza. Aliswali, alikula kidogo, alisema "alhamdulillahi" ukimuuliza hali, na basi. Niliogopa. Niliogopa kwamba tumemzika baba na mama tukamfungia humo humo.

Ndipo kaka yangu, anayefanya kazi Dar es Salaam, alipopiga simu. Hoteli moja ya wageni upande wa Ghuba ya Chole ilikuwa imesikia habari za udi wa mzee, na walitaka kuutundika pale wanapopokelea wageni. Kaka aliona ni heshima. Mimi nilimjibu maneno ambayo dada hamjibu kaka yake mkubwa. Aliniacha nikamaliza, kisha akauliza, "Sasa nani ataupiga?"

Baba alinifundisha wimbo mmoja tu, ule aliotubembelezea utotoni, na vidole vyangu vilikuwa vizito. Tulikubaliana usubiri mpaka mama atoke eda. Siku hiyo kaka angekuja kuuchukua, kama hakuna mwenye haja nao.

Eda ilipokaribia kwisha niliutoa nikaufuta vumbi. Nyuzi zilikuwa zimelegea. Nikazikaza kwa simu, kuna programu inayokuonyesha mshale mpaka sauti ikae sawa. Mshale ulikaa sawa kwenye nyuzi zote. Nikapiga mwanzo wa wimbo wetu polepole na kwa sauti ndogo, mama asisikie. Haukuwa wetu. Ulikuwa safi, na ulikuwa wa mtu mwingine kabisa. Nililia siku ile kuliko nilivyolia siku ya maziko.

Siku ya kutoka eda wanawake walimwogesha mama, wakamvisha kanga mpya, wakampaka mafuta. Watu walikula wakaondoka. Kaka alikuwa barazani na kanga ya kuufungia udi, maana gari la hoteli lingefika jioni. Mama, bila kuambiwa na mtu, alichukua nazi, akavuta mbuzi uani, akaanza kukuna.

Nikaenda kukaa dirishani, mahali pa baba, udi mapajani. "Bibie" halikuwa neno langu. Nikasema, "Mama, nipe."

Mkono wake ukasimama. Zamani haukuwahi kusimama. Mgongo wake ulinielekea, nikajua nimemkosea, nimemchokoza kwenye kidonda, na kaka anasikia. Nilikuwa natafuta namna ya kuomba radhi nilipoisikia sauti yake. Ilianza, ikakatika. Akasafisha koo akaianza tena, ya chini, ya chini mno kuliko nilivyowahi kuisikia.

Nikalegeza uzi wa kwanza. Nikadhani nimefika.

"Bado," alisema. "Shusha."

Nikashusha mpaka uzi ukawa unatetemeka kama kamba ya kuanikia nguo. Kwa sauti ile hakuna kinanda wala fidla ambayo ingeweza kufuatana nasi. Nikazifuatisha nyuzi nyingine, nikapiga wimbo wa kubembelezea, vibaya, nikikosea pale pale nilipokuwa nikikosea baba akiwa hai. Nilipomaliza mama alikuwa bado hajageuka. Alijipangusa uso kwa upindo wa kanga.

"Kesho uniombe tena," alisema. "Hii ya leo si sauti yangu, ina kilio ndani."

Akaendelea kukuna nazi. Kaka yangu alikuwa amesimama mlangoni na kanga ya kufungia udi. Aliikunja, akairudisha kabatini, akatoka nje kuipigia simu hoteli kwamba gari lisije.