Asali ya Mwalimu na Neno Moja la Kiingereza

Harufu ya asali yenye moshi wa mzinga hunipandisha hasira hadi leo, nami ni bibi wa kusali asubuhi na jioni. Juzi, mwaka huu wa 2014, mjukuu wangu Neema aliniletea chupa ya asali kutoka Kakonko. Nikamtania kwamba ameionja njiani.

"Bibi, *really*, sijaionja!"

Nikaweka kijiko chini.

Nilikuwa darasa la tano, huku huku Kasulu. Mwalimu wetu wa Kiingereza, mgeni kutoka mkoa mwingine, alilipenda sana neno hilo. Alitufundisha: ukitaka uaminiwe, ongeza *really*, ni kama kusema "kweli kabisa". Lakini kwa baba yangu, mwinjilisti, "kweli kabisa" ilikuwa kiapo, na kuapa ni dhambi. Ndiyo ilitosha. Hapana ilitosha.

Siku moja mama alitutuma mimi na rafiki yangu Yustina tumpelekee mwalimu kibuyu cha asali. Yustina alichovya kidole njia nzima. Mwalimu akakitikisa kibuyu.

"Nani kaonja?"

"*Really*, Mwalimu, siyo mimi! *Really, really!*" Yustina alilia, midomo inang'aa.

"Sijaonja," nikasema.

"*Really?*"

"Sijaonja, Mwalimu."

"Sema *really*, wewe!"

Huku jehanamu, huku fimbo. Nikachagua fimbo. Fimbo nimeshaisamehe. Lakini aliniondoa pia kwenye kwaya ya shule ya Krismasi, mimi niliyekuwa naanzisha wimbo! Yustina akasimama mahali pangu, akaimba habari za mkombozi kwa sauti ya asali yangu. Hebu niambieni ninyi: ukweli wa mtoto unapungukiwa nini usipotiwa chumvi?

Nyumbani nilimkuta baba anapukuchua mahindi. Nikamweleza yote.

"Uliionja?"

"Hapana, baba."

"Haya. Vuta kigoda, tupukuchue."

Hakuuliza tena. Nilimkasirikia: mbona haendi shuleni kufoka? Uzeeni ndipo nimejua alichonipa jioni ile. Nimewaona watu wazima maofisini, na huko kwenye kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, wakirudia "kweli, kweli" mpaka sauti inakauka, na anayewauliza bado anakunja uso. Inaniuma. Hakuna anayewaambia wavute kigoda.

Neema alikuwa bado amesimama, chupa mkononi, anangoja nimwamini.

"Vuta kigoda," nikamwambia. "Nilishakusikia."