Theluji Inayoishia Nusu ya Mlima

Nimewahi kuitwa mwongo nikiwa nimekaa, nikiwa nimesimama, na mara moja nikiwa kwenye foleni ya viza. Lakini kuitwa mwongo huku theluji imenifika kwenye vifundo vya miguu, na anayeniita hivyo amekaa kitini karibu na hita, hilo lilikuwa jipya kwangu. Umeshapita mwaka na zaidi, na bado jambo hilo likinijia nikiwa kwenye basi hujikuta nimekunja ngumi.

Kazi yangu ni kuhudumia wazee majumbani mwao. Nawaamsha, nawaogesha, nawapa chai na dawa, kisha napanda basi kwenda kwa mwingine. Kabla ya hapo nimetangatanga sana. Nilitoka Njombe na cheti cha kidato cha nne, nikauza dukani Dar, nikapanga mizigo ghalani Muscat, nikafika Leicester, nikachoka, nikaja London. Hapa London kwenyewe nimehama mara sita. Chumba cha kwanza kilikuwa Queensbury, kwa mama mmoja wa Kihindi mzaliwa wa Arusha, aliyenikaripia kwa Kiswahili safi kila nilipoacha taa ya bafuni ikiwaka. Chumba cha sasa kiko Plumstead. Hapo nimekaa muda mrefu kuliko kwingine kote, na sababu yake ni mzee mmoja.

Mzee huyo aliishi juu ya Shooters Hill, mlima ulioko nyuma ya Woolwich. Watu wa kwetu wangecheka kusikia kitu kile kinaitwa mlima, maana kwetu tungelima viazi hadi kileleni na kushuka kabla jua halijawa kali. Maisha yake yote ya kazi alikuwa mpeleka barua katika mitaa ya mlima huo huo. Kisha kiharusi kikamchukua upande wa kulia, akawa hawezi kutoka kitandani mpaka mtu aje. Wahudumu watatu kabla yangu aliwakataa, na mmoja wao mzee alimrushia sifongo lenye maji. Mimi alinikubali. Sijui kwa nini, labda kwa sababu nilimwacha aongee. Kwa miaka miwili nilikuwa mtu wa kwanza anayemwona kila asubuhi, saa moja na nusu. Alikuwa akiniita kijana, nami nina miaka arobaini na sita.

Kanuni ya kampuni ilikuwa fupi. Ukikosa kufika kwa mteja mmoja mara mbili ndani ya mwaka, unaondolewa kwake. Mara ya kwanza ilikuwa imeshaandikwa, siku niliyoamka na homa nikachelewa kupiga simu ofisini. Ilibaki moja.

Sasa nieleze kosa langu, kwa sababu ninalo, na ni tofauti na lile nililoandikiwa.

Njombe tuna baridi ya kweli. Mwezi wa sita na wa saba kunaanguka sakitu, ule umande unaoganda ukawa mweupe kama chumvi, na asubuhi moja inatosha kuunguza shamba zima la viazi. Lakini sakitu ina tabia yake: hukaa bondeni. Baridi ya usiku mtulivu ni kama maji, hutiririka kwenda chini na kutuama huko. Baba alipanda viazi kwenye mteremko. Jirani yetu alipanda bondeni, karibu na kijito, akamcheka baba kwa kuwapandisha wanawe kilima na madebe ya mbegu. Asubuhi ya sakitu jirani alisimama katikati ya majani meusi, na sisi juu tulikuwa na shamba la kijani. Mtoto aliyeona hivyo hasahau. Anakua akijua kwamba baridi iko chini na usalama uko juu.

Kwa hiyo jioni moja mwanzoni mwa Machi, redio iliposema baridi kali inakuja na labda theluji, nilimpigia mratibu wa zamu. Nina bibi mmoja Thamesmead, kule chini kwenye tambarare ya mto, ambaye zamu yake ni saa tatu. Nikaomba nianze na yeye, maana huko ndiko njia zingeganda, kisha nimpandie mzee.

"Sawa kaka, badilisha," akasema mratibu. Hakuniuliza sababu.

Mratibu ni dada wa Mombasa, mkubwa wangu kwa miaka michache, mcheshi, mwenye kelele, anayeita kila mtu kaka na dada hadi unasahau kwamba ndiye anayekuandikia makosa. Ofisi yao iko Woolwich, juu ya duka moja karibu na soko, na dirisha lake linatazama barabara ya maduka.

Asubuhi nilifika Thamesmead nikiwa na soksi mbilimbili na kukuta madimbwi. Hapakuwa na barafu hata ya kutia kwenye kikombe. Ilikuwa mvua tu, ile ya baridi inayopenya shingoni. Nikamhudumia bibi, nikapanda basi, na basi likapanda mlima hadi nusu yake likasimama. Dereva akafungua milango akasema haendi mbele. Nikatazama nje nikadhani ananitania, maana pale tulipokuwa mvua ilikuwa ikinyesha kama kawaida, ila matone yalianguka polepole, mazito, kana kwamba yamechoka.

Nikaanza kutembea. Nyumba ya kwanza ilikuwa na yale maua ya njano ya mwisho wa baridi, yamelowa, yamesimama. Nyumba ya tatu yalikuwa yameinama. Nyumba ya tano sikuyaona tena. Ndani ya hatua sitini hivi nilitoka kwenye mvua nikaingia kwenye theluji, na kila nilivyopanda ilizidi kina. Magari yalikuwa yameachwa ovyo, moja limepanda juu ya njia ya miguu. Nikateleza, nikaanguka, nikaamka. Saa tatu na nusu ilikuwa imeshapita na mzee alikuwa kitandani tangu jana jioni.

Simu ikalia.

"Kaka, uko wapi? Hapa kwangu kwenye kompyuta unaonyesha nyekundu, hujafika."

"Dada, niko mlimani. Mabasi yamesimama, theluji imejaa."

"Theluji gani? Sikiza, mimi niko hapa kwa dirisha. Watu wanapita na miavuli. Ni mvua."

"Huko chini ni mvua. Huku ni theluji."

"Kutoka hapa hadi huko ni dakika kumi na mbili kwa gari. Ni London hiyo hiyo, kaka. Ama huko umefika Ulaya nyingine?"

Nikapiga picha nikamtumia. Akaitazama, akapiga tena.

"Picha hii ungeweza kuipiga hata mwaka jana. Nyinyi watu wa bara mkiona maji kidogo mwajifungia ndani."

"Dada, kwetu mimi kuna baridi kuliko friji yako. Niache nitembee."

"Tembea basi. Lakini nyekundu ni nyekundu."

Baada ya hapo simu ilizimika kwa baridi. Nilipofika mlangoni sikuweza kuusoma ule mchoro tunaoupiga picha kwa simu ili ofisi ijue tumeingia. Ilikuwa inakaribia saa nne na nusu. Mzee alikuwa amelala ubavu, amelowa, shuka limelowa, na mkono wake mzima ulikuwa umeshika ukingo wa kitanda tangu sijui saa ngapi. Alikuwa amejaribu kutoka mwenyewe. Alinitazama mara moja akasema, "Umechelewa," kisha akageuzia uso ukutani. Nilimwogesha akiwa amegeuka hivyo hivyo. Hakuniita kijana siku hiyo.

Ofisini waliniita Alhamisi. Mratibu alikuwa mezani, na bosi wake alikuwa kwenye kompyuta, uso tu, kutoka mji ambao sikuambiwa. Walikuwa na karatasi iliyosema sikufika. Nikasema nilifika. Wakasema mashine haina habari. Nikasema muulizeni mzee. Wakasema mteja ana kiharusi. Hapo ndipo damu ilinipanda, maana kiharusi kilimchukua mkono na mguu, na akili yake ilikuwa imetulia kuliko yangu. Kisha yule bosi akatoa kumbukumbu ya hali ya hewa ya siku ile. Kipimo walichotazama kilikuwa cha huko mtoni. Kilisema mvua.

Watu hawa wana ramani ambayo ndani yake London ni bapa kama chapati. Wamehesabu dakika kutoka mlango hadi mlango na hawajawahi kuhesabu miinuko. Mtu anayebeba mfuko wa nepi za watu wazima akipanda kilima anajua kwa magoti yake kwamba mji una juu na chini, lakini magoti yangu hayakubaliki kama ushahidi.

Nikamwambia mratibu kwa Kiswahili, mbele ya ule uso usioelewa, "Dada, theluji imetabiriwa tena kesho. Panda na mimi."

"Nina kazi mie."

"Hii ndiyo kazi."

Akachezea kalamu. "Saa ngapi?" akauliza.

Ijumaa alikuja na viatu vyake vya ofisini, chini ya mwavuli, mvua ikinyesha Woolwich nzima. Ndani ya basi aliniambia habari za mwanawe anayejibu kila kitu kwa Kiingereza. Akacheka, nami nikacheka kidogo, kwa sababu hasira haizuii mtu kucheka. Halafu matone kwenye kioo yakaanza kuchelewa kushuka. Akaacha kuongea. Siku hiyo basi lilifika kituo kimoja zaidi, tukashuka, na viatu vyake vikazama.

"Kumbe," akasema. Baada ya hatua kumi akasema tena, "Kumbe, jamani."

Mzee alikuwa macho. Nikamtambulisha dada kuwa wa ofisini. Akamkagua toka kichwani hadi kwenye soksi zilizolowa.

"Wewe ndiye mwenye dirisha?" akauliza. Nilikuwa nimemsimulia ya simu ile, na kwamba nilitokea kwa bibi wa Thamesmead.

Dada akakubali, akaomba radhi, na ninamsifu kwa hilo, kwa sababu aliomba radhi kwa mzee kwanza kabla ya kuniomba mimi. Mzee akamweleza kama anavyomweleza mtoto, nusu ya mdomo wake ikisema na nusu ikisubiri. Huko juu mawinguni, alisema, mvua inaanza ikiwa theluji, kule kwenu na huku kwangu. Inayeyuka ikiwa njiani. Mlima unainyanyukia na kuidaka kabla haijamaliza kuyeyuka. Januari baridi imeshika kila mahali na theluji inalala popote, lakini Machi ardhi imeanza kupata joto, digrii moja ndiyo inaamua, na hiyo digrii moja iko kwenye mtaa wenye sanduku jekundu la barua. Juu ya sanduku alivaa buti, chini ya sanduku alivaa viatu. Ndivyo alivyogawa barua maisha yake yote.

Kisha akamgeukia dada. "Na kwa nini siku ile nilikuwa wa pili? Miaka miwili nimekuwa wa kwanza."

Dada akanitazama. Angeweza kusema, na angeweza kukaa kimya. Akakaa kimya.

"Ni mimi," nikasema. "Niliomba ratiba ibadilishwe." Nikamweleza sakitu, bonde, jirani na majani meusi. Sikuwahi kumweleza mtu mambo ya viazi vya baba kwa Kiingereza, na yalisikika ya kipumbavu.

Mzee akanigeukia.

"Kwa hiyo uliamua mimi niko salama," akasema. "Umenijua miaka miwili. Mimi nimeujua mlima huu tangu hujazaliwa. Hukuniuliza."

Alikuwa amekasirika, na haki ilikuwa yake. Nilikuwa nimemkasirikia dada kwa kutazama dirisha lake, kumbe nami nilikuwa nikitazama langu, lililoko Njombe.

Dada aliandika barua kwa mkono wake, akaisaini, akasema ameiona theluji kwa macho, na kwamba kuanzia nusu ya mlima kwenda chini ni mvua. Jibu likaja baada ya siku nne. Barua imepokelewa. Kumbukumbu ya hali ya hewa ya siku ya tukio inabaki kuwa mvua. Kukosa kufika kunabaki mara mbili. Mhudumu mwingine angeanza Jumatatu.

Dada ndiye aliyenipigia kunisomea. "Nimejaribu, kaka," akasema. "Wallahi nimejaribu."

Nilimwambia najua, na nilikuwa najua, lakini nilikata simu kabla sijasema lingine.

Jumapili ilikuwa siku yangu ya mwisho kule juu. Nilimwogesha, nikamkalisha dirishani, nikampa uji wake wa shayiri. Akasema nichukue karatasi. Tukamwandikia mhudumu wa Jumatatu, yaani yeye akisema, mimi nikiandika kwa Kiingereza chenye herufi kubwa ili huyo ajaye asome hata akiwa na haraka. Maji yasiwe moto kupita mkono unavyovumilia. Dawa nyeupe baada ya chakula. Mkono wa kulia uoshwe kwanza. Redio iachwe ikiwaka.

"Andika: Machi, mvua ya baridi ikinyesha mtoni, vaa buti."

Nikaandika.

"Andika: mzee huyu ahudumiwe wa kwanza. Hata ratiba ikisema vingine."

"Ofisi watalikata hilo."

"Karatasi ni yangu, itakaa kwenye friji yangu. Andika."

Nikaandika. Akaitazama karatasi kwa mbali, miwani ikiwa imeteremka puani, kisha akasema niweke namba yangu ya simu hapo chini. Hilo limekatazwa. Mhudumu aliyeondolewa haruhusiwi kumwachia mteja namba yake, na nimeisaini kanuni hiyo mwenyewe.

"Ikishikwa nafukuzwa kazi kabisa, mzee."

"Nani atakuja kuishika?" akasema. "Wao hawapandi huku."

Nikaandika namba yote, tarakimu kubwa, nikaibandika karatasi kwenye mlango wa friji kwa sumaku mbili.